Laptopu mpya, chaji haikai: anzia wapi

Boksi limeandikwa saa 10. Wewe umechaji mpaka 100, umechomoa waya baada ya kuswali adhuhuri, na alasiri ikiadhiniwa laptopu tayari inaomba chaja. Hapo kila mtu barazani ana dawa yake: huyu anasema punguza mwanga, yule anasema umeuziwa betri feki, mwengine anakwambia zote ndivyo zilivyo, wewe izoee tu. Huenda mmoja wao yuko sahihi. Tabu ni kwamba hakuna aliyepima.

Chaji ikiisha mapema, ama betri imebeba umeme mdogo kuliko inavyotakiwa, ama betri ni nzima lakini kuna kitu kinaula umeme huo kwa pupa. La kwanza linakurudisha dukani. La pili unalimaliza mwenyewe mezani kwako bila ya kutoa hata senti. Kabla hujajua ni lipi, usifute programu, usichezee mipangilio, na usigombane na mwenye duka.

Maelezo haya ni ya Windows 11, kwa sababu ndiyo inayokuja na laptopu nyingi zinazouzwa Darajani na Mlandege hapa Unguja, na hata Chake kule Pemba. Wenye Mac nimewawekea aya yao mbele.

1. Iache itulie kwanza

Siku za mwanzo laptopu mpya ina shughuli nyingi usizoziona. Inashusha masasisho, inapanga orodha ya mafaili yote ili utafutaji uwe mwepesi, kinga ya virusi inapekua diski nzima, na ukishaingia na akaunti yako OneDrive nayo inaanza kupandisha picha na nyaraka. Ukipima betri wakati huo, hupimi matumizi yako.

Kwetu jambo hili huchukua muda zaidi kwa sababu ya bando. Mtu anawasha hotspoti ya simu nusu saa, anatuma barua pepe zake, anazima. Sasisho linakatika njiani, kesho linaendelea, keshokutwa tena, na wiki inapita laptopu bado inahangaika. Ipeleke penye Wi-Fi ya uhakika, iwe chuoni, kazini au kwa jamaa, ichomeke kwenye chaja, fungua "Settings", ingia "Windows Update", na utafute masasisho mpaka iseme hakuna tena. Ndani ya "Advanced options" kuna "Optional updates", na humo mara nyingi mna draiva, yaani programu za kuendeshea vifaa vya ndani, ambazo hazijiweki zenyewe. Halafu fungua programu ya mtengenezaji, kama vile Lenovo Vantage, MyASUS, HP Support Assistant au ya kwenu iitwavyo, uangalie kama kuna sasisho la BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha laptopu, maana hilo ndilo mara nyingi linalorekebisha namna laptopu inavyogawa umeme. La BIOS lifanye chaja ikiwa imechomekwa na betri imejaa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, betri ndiyo itakayokuokoa.

Ukimaliza, izime na kuiwasha upya, uitumie siku mbili tatu. Wengi tatizo lao huishia hapa.

2. Iulize betri yenyewe

Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua "Command Prompt", kisha andika:

powercfg /batteryreport

Bonyeza Enter. Itakwambia imeliweka wapi faili la battery-report.html, kwa kawaida ndani ya folda yako chini ya C:\Users. Lifungue kwa kivinjari. Ripoti ni ndefu, isikutishe. Shuka mpaka penye kichwa "Installed batteries" usome mistari mitatu. "DESIGN CAPACITY" ni umeme ambao betri iliundwa kuubeba. "FULL CHARGE CAPACITY" ni ule inaoweza kuubeba leo. "CYCLE COUNT" ni mizunguko ya chaji: ukitumia asilimia 50 leo na 50 kesho, huo ni mzunguko mmoja. Namba mbili za mwanzo zimeandikwa kwa mWh, zigawe kwa 1,000 upate wati-saa, kipimo cha umeme uliomo ndani ya betri. 45,000 mWh ni wati-saa 45.

Laptopu mpya kweli, namba ya pili inakaribiana sana na ya kwanza, na pengine inaizidi. Ikiwa 96 au 97 kwa mia si hoja. Mizunguko iwe michache. Baadhi ya laptopu haziandiki mizunguko, zinaweka kistari tu, na hicho peke yake si ushahidi wa kitu.

Sasa chukua ripoti yenye 45,000 juu, 30,600 chini yake, na mizunguko 412. Hiyo ni asilimia 68. Boksi linaweza kuwa jipya, nailoni mpya, kibodi imesuguliwa mpaka inang'aa, lakini betri hiyo imeshafanya kazi ya mtu mwengine kwa muda mrefu. Laptopu nyingi zinazoingia Unguja zinapitia Dubai, na kati yake zimo zilizokwishatumika maofisini, zikasafishwa. Mimi sioni aibu kununua yuzidi. Laptopu ya ofisi iliyotumika vizuri inaweza kuishinda mpya ya bei poa. Lakini yuzidi iuzwe kwa jina la yuzidi na kwa bei ya yuzidi.

Kwa hiyo pahala pazuri pa kutengeneza ripoti hii ni dukani, kabla ya kulipa:

"Mwanangu, hii mpya?"

"Mpya, mama. Boksi lake hilo hapo."

"Haya, niwashie basi niitizame betri yake kabla sijatoa pesa."

Ni kazi ya dakika moja, na muuzaji asiye na cha kuficha hatokataa. Kwa anayetoka Wete au Micheweni kuja kununua Unguja, dakika hiyo inamwepusha na nauli ya boti ya kurudisha mzigo.

Kuna na udanganyifu wa pili: betri ya bandia ambayo ripoti yake imeandikwa vizuri. Hiyo hujiumbua kwenye matumizi. Inashuka kwa mpango mpaka 40, halafu ghafla inaruka 12, au inazima ikiwa bado inasema 25. Sehemu ya "Recent usage" ndani ya ripoti itakuonyesha miruko hiyo na saa ilipotokea.

3. Hesabu wati

Ikiwa betri ni nzima, kinachobaki ni kujua inaliwa kwa kasi gani. Wati-saa za betri ukizigawa kwa saa ilizodumu unapata wati. Betri ya wati-saa 45 iliyokwisha kwa saa 3 inaliwa wati 15. Betri hiyohiyo ili idumu saa 9, laptopu yote pamoja na skrini yake inatakiwa ile wati 5 tu.

Hapo ndipo namba ya kwenye boksi inapotoka. Watengenezaji wengi hupima kwa kucheza video moja tena na tena, mwanga wa skrini ukiwa chini, pengine Wi-Fi imezimwa. Pia mfano mmoja wa laptopu huweza kuuzwa na betri za ukubwa mbalimbali, na saa zilizotangazwa zikawa za ile yenye betri kubwa na skrini nyepesi. Kwa hiyo saa 10 za boksi si uongo mtupu, ila si zako. Mtu anayefungua vichupo 15 na kuangalia video kila baada ya muda akipata saa 6 kutoka laptopu ya "saa 10", hana pa kulalamika. Akipata 3, anapo.

Jaribio ni hili: ijaze, chomoa, fanya kazi zako za kawaida saa moja nzima, kisha tizama asilimia ngapi zimeondoka. Zikiondoka 28 kwenye betri ya wati-saa 45, umetumia wati-saa 12.6 kwa saa, yaani wati 12.6. Iandike namba hiyo.

Kwa kukadiria tu: laptopu ya kisasa isiyo na kadi kubwa ya picha (kifaa cha kuchorea gemu na video nzito), ukiwa unaandika na mwanga ni wa wastani, hula wati 5 mpaka 8. Intaneti na video za YouTube zinaifikisha 8 mpaka 12. Mkutano wa Zoom wenye kamera hupanda zaidi ya hapo. Gemu nzito linaweza kula wati 40 na kuendelea, na hapo betri haifiki mbali hata ikiwa imetoka kiwandani jana. Ikiwa wewe unaandika tu na hesabu inakupa 14 au 15, kuna mlaji humo ndani.

4. Msake mlaji

Badilisha kitu kimoja, pima tena, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo hutojua kipi kilichokusaidia, na utakaa na vinne vinavyokukera bure.

Anza na skrini. Sisi watu wa baraza tunapenda kufanya kazi nje, na mwanga wa jua letu unamlazimisha mtu kupandisha skrini mpaka mwisho. Kati ya mwanga wa 100 na wa 50 kwenye laptopu ya kawaida kuna tofauti ya wati kadhaa, na kwa mtu anayekula 8 hilo ni fungu kubwa. Sogea ndani, au ugeuke ukuta uwe nyuma yako. Halafu ingia "Settings", "System", "Display", "Advanced display", uangalie skrini inajichora mara ngapi kwa sekunde. Laptopu nyingi mpya zinakuja na 120, 144 au 165. Unapokuwa kwenye betri iteremshe 60. Kwa kuandika na kusoma hutoona upungufu wowote wa maana.

Mlaji mkubwa kuliko wote, tena anayejificha, ni kadi ya pili ya picha. Vijana wengi wananunua laptopu ya gemu kwa ajili ya kuandika ripoti za chuo kwa sababu taa zake zinapendeza. Hakuna ubaya, lakini ndani ina kadi kama ya NVIDIA ambayo inatakiwa ilale mpaka iitwe, na wakati mwengine hailali. Programu moja tu iliyoishikilia inaweza kukuongezea wati 10 au zaidi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, "Task Manager" ifunguke, nenda "Performance" uone kama kadi hiyo inafanya kazi wakati hukufungua chochote kizito. Ikiwa ndiyo, rudi "Settings", "System", "Display", kisha "Graphics", chagua programu unayoishuku na uiwekee "Power saving".

Hapohapo kwenye "Task Manager" kuna safu ya "Power usage". Ikiwa haionekani, bonyeza kulia juu ya vichwa vya safu uiwashe. Na ndani ya "Settings", "System", "Power & battery" utaikuta "Battery usage", inayokuonyesha kila programu imekula kiasi gani. Mara nyingi anayeongoza ni kivinjari, na kosa si lake. Ni vichupo vilivyoachwa wazi tangu juzi, khasa zile tovuti za bure za kutizamia mpira, ambazo mechi ni moja na matangazo ni ishirini, yote yakijichezea nyuma. Vifunge. Edge na Chrome zote zina sehemu ya kuokoa umeme, "Efficiency mode" au "Energy Saver", iwashe.

Baada ya kivinjari, mshukiwa wangu wa pili ni kinga ya virusi ya majaribio iliyokuja na laptopu, ile inayokukumbusha kila siku kulipia. Inafanya kazi ileile ambayo kinga ya Windows ingeifanya bila ya malipo. Iondoe, ya Windows inatosha kwa mtu wa kawaida. Kisha, kwenye "Task Manager", nenda "Startup apps" uzime zile zinazojiwasha bila ya wewe kuziita.

Angalia na "Power mode" kwenye "Power & battery": ukiwa kwenye betri iwe "Best power efficiency". Baadhi ya laptopu zina kitufe cha mkato cha kubadilisha mwendo, kama Fn na Q kwenye Lenovo au Fn na F kwenye ASUS. Mtoto akicheza na kibodi, laptopu inaweza kubaki kwenye mwendo wa nguvu nyingi wewe hujui, feni inavuma na chaji inateremka.

Taa za kibodi, modemu ya USB, diski ya nje: vichomoe au uvizime usipovihitaji. Ukiwa mbali na Wi-Fi na mawimbi ni dhaifu, redio ya laptopu nayo inajitutumua.

Ukishindwa kabisa, fungua "Command Prompt" kwa kubonyeza kulia na kuchagua "Run as administrator", andika powercfg /energy, usiiguse laptopu kwa sekunde 60. Itakutengenezea ripoti nyengine yenye makosa yaliyotiwa rangi nyekundu, na jina la kifaa au programu inayoizuia laptopu kupumzika.

5. Chaji inayopotea ndani ya mkoba

Hili ni lalamiko la peke yake. Umefunga kifuniko usiku ikiwa 80, asubuhi unaikuta 55, na mkoba una joto. Hakuna aliyeitumia. Laptopu za siku hizi zikifungwa hazilali usingizi wa zamani. Zinakaa macho nusu kama simu, zinapokea barua na masasisho. Ikitokea draiva moja mbovu, zinakesha.

Ndani ya "Command Prompt" andika powercfg /a. Ukiona "Standby (S0 Low Power Idle)" kwenye zile zinazopatikana, laptopu yako ni ya aina hiyo. Dawa iliyo nyepesi ni kuiambia ikifungwa ijihifadhi kwenye diski na kuzima kabisa. Fungua "Control Panel", "Power Options", "Choose what closing the lid does", na kwenye safu ya "On battery" weka "Hibernate". Kama neno hilo halimo kwenye orodha, fungua "Command Prompt" ya kiutawala uandike powercfg /hibernate on, kisha rudi tena. Itachukua sekunde kadhaa zaidi kuamka, na kazi zako utazikuta zilivyo.

Kwa mwanafunzi anayepanda daladala ya Tunguu mchana, laptopu ikiwa imebanwa kwenye mkoba mapajani, hili lifanywe leo. Laptopu inayokesha ndani ya mkoba hailiwi chaji tu, inapikwa.

6. Haijai, au inadanganya

Kuna wanaorudi dukani kwa hasira kwa sababu laptopu mpya inagota 80, au 60, na haiendi mbele hata ikichajiwa usiku kucha. Aghlabu huo si ubovu. Ni kinga iliyowashwa kiwandani au na programu ya mtengenezaji: Lenovo wanaiita "Conservation mode", ASUS "Battery Care mode", kwa HP mara nyingi imo ndani ya BIOS. Ukiizima, itapanda mpaka 100.

Ila usiharakie kuizima. Betri za lithiamu zinachakaa upesi zikikaa zimejaa kwenye joto. Kwa makadirio yanayotumika sana, betri iliyohifadhiwa mwaka mzima ikiwa imejaa kwenye nyuzi 40 hubakiwa na kama asilimia 65 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa nusu tupu kwenye joto hilohilo, hubakiwa na kama 85. Wakati wa kaskazi, chumba chenye bati na laptopu iliyochomekwa kutwa hakiko mbali na hali hiyo. Najua kwa nini watu wetu wanaacha kila kitu kwenye chaji: umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, na waliokuwapo tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima kikiwa gizani, hawajasahau. Lakini kwa laptopu inayokaa mezani, 80 inatosha. Siku moja kabla ya safari ya Pemba ndiyo uiruhusu ijae.

Ikiwa asilimia zinaruka ovyo ingawa ripoti ni nzuri, iachie mara moja ishuke mpaka ijizime yenyewe, kisha ichaji bila ya kukatiza mpaka 100. Ikiwa kipimo ndicho kilichokosea, kitajisawazisha; miruko ikibaki, ishuku ile betri ya bandia. Usiifanye kila wiki, ni kuichosha betri bure.

Na chaja nayo itizame. Laptopu iliyokuja na chaja ya wati 65 ukiichomeka kwenye ya simu ya wati 20, inaweza kuteremka chaji ilhali imechomekwa. Nyumbani kwenye jenereta, weka stabilaiza kati yake na chaja.

Kwa wenye Mac

"System Settings", "Battery", kisha alama iliyo karibu na "Battery Health": humo utaona uwezo uliobaki. Mizunguko iko ndani ya "System Information", sehemu ya "Power". MacBook za sasa zimekadiriwa mizunguko 1,000. Mlaji utamkuta "Activity Monitor", kichupo cha "Energy".

7. Ukirudi dukani

Umesasisha, umepima, umesaka, na bado betri inabeba chini ya asilimia 90 ilhali ni mpya, au inazima ghafla. Rudi mapema, na usirudi na maneno matupu. Chukua risiti, boksi, chaja ya asili, na ripoti mbili: ya siku uliyonunua kama unayo, na ya leo. Andika namba ya utambulisho ("serial number") iliyo chini ya laptopu kwenye tovuti ya mtengenezaji uone dhamana ilianza lini. Ikiwa ilianza miaka miwili kabla ya wewe kununua, hilo nalo lichapishe. Jua pia kwamba baadhi ya dhamana hazivuki eneo ilikouzwa mara ya kwanza, kwa hiyo muuzaji wako ndiye wa kubanana naye. Ongea naye kwa upole, mbele ya meza, namba zikiwa wazi. Akikukatalia moja kwa moja, Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar inapokea malalamiko ya watumiaji.

Wakikubali kukubadilishia betri, usiondoke. Ichaji ijae palepale dukani, tengeneza ripoti nyengine, na ulipige picha ukurasa wake kwa simu kabla ya kutia sahihi.